Kucheza Ndani ya Kitabu cha Mwingine: Hakimiliki na Michezo ya Kubuni Darasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda umewahi kuuona mchezo huu. Wanafunzi watano wameketi mezani. Mmoja ni mtambaji: anaeleza mandhari na kuzusha matatizo. Wengine wameshika kila mmoja mhusika wake na kuamua atatenda nini. Dadu ikirushwa, hujulikana kama amefaulu au ameshindwa.

Hapa Tononoka, wanafunzi wangu wa chama cha Kiswahili waliunda mchezo wa namna hii juu ya Sagamoyo, jimbo la kubuni katika tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea. Waliigiza mambo ambayo yangetokea baada ya tamthilia kwisha: je, Soko la Chapakazi litaendeshwa na nani? Baada ya majuma machache waliwafahamu Majoka na Tunu kuliko nilivyowafunza kwa muhula mzima.

Kisha wakataka kutoa kijitabu cha mchezo huo wakiuze siku ya wazazi. Ndani yake mlikuwa na kurasa kadhaa za mazungumzo zilizonakiliwa neno kwa neno. Nilikaribia kukubali, mpaka msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, tukinakili kwa mwenzetu katika mtihani unatuita wezi. Na hapa je?" Makala haya ni jibu langu kwake.

Sheria inalinda nini?

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mwandishi ndiye mwenye haki ya kuruhusu kazi yake irudufiwe, itafsiriwe, igeuzwe utanzu au isambazwe kwa umma. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aidha, ana haki ya kutajwa kuwa mwandishi na ya kupinga kazi yake kupotoshwa.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala si wazo lenyewe. Dhamira ya uongozi mbaya si mali ya mtu. Mtawala dhalimu na kijana mtetezi wa haki wamo katika kazi nyingi. Lakini mazungumzo ya Majoka, mfululizo wa matukio yake na sifa zake kwa pamoja ni jasho la mwandishi.

Darasani na nje ya darasa

Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya kibinafsi na uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Kwa hiyo kunukuu kifungu ili kukichambua hakuna tatizo. Kucheza Sagamoyo mezani, bila kurudufu kitabu wala kutoza kiingilio, hakumpunguzii mwandishi chochote. Mambo hubadilika tunapochapa, tunapouza au tunapoonyesha hadharani. Hapo tuombe idhini kwa maandishi kupitia mchapishaji, au tubuni chetu.

Hata wakubwa wamepitia njia hii. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulikuwa na viumbe walioitwa hobbit, jina lililotoka katika riwaya za J. R. R. Tolkien. Wenye haki walipolalamika, jina likabadilishwa kuwa halfling. Watu wafupi walibaki mchezoni, kwa kuwa ngano za mataifa mengi zinao. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa cha Tolkien.

Hazina iliyo wazi

Sisi wa pwani tuna Fumo Liyongo. Utendi wake ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka 1913, na Kijumwa alifariki mwaka 1945. Muda wa ulinzi umekwisha. Gereza, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, sindano ya shaba: yote yanafaa mchezo. Tahadhari moja tu: utangulizi na maelezo ya mhariri wa siku hizi yana hakimiliki yake.

Tulichofanya

Wanafunzi walichukua kijitabu na kalamu nyekundu, wakapigia mstari kila kilichokuwa cha mwandishi. Kazi hiyo ilikuwa uhakiki halisi: kutenga ploti na dhamira, mhusika bapa wa kawaida na mhusika aliyechorwa kwa upekee. Mchezo wa Sagamoyo ulibaki chamani. Kijitabu kilichouzwa kilikuwa na mji walioubuni wenyewe, wenye bandari, soko na diwani mlafi. Msichana aliyeuliza swali ndiye aliyeupa mji huo jina.

Zoezi

1. Chagua mhusika mmoja wa *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi. Ni sifa zipi zake zinazopatikana katika kazi nyingine, na zipi ni za mwandishi huyu pekee?
2. Mbunie mhusika wako mwenye dhamira iyo hiyo, bila kuazima jina, kauli wala tukio.