Nimonia haingoji baridi: Hesabu pumzi za mwanao

"Daktari, hapa Garissa ni joto mchana na usiku. Nimonia itatoka wapi?" Swali hili huulizwa na wazazi wengi, na kuna watoto wanaocheleweshwa kwa sababu yake.

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, huletwa na viini, hasa bakteria na virusi, vinavyoshambulia mapafu. Vifuko vya hewa hujaa usaha na maji, mgonjwa akakosa oksijeni. Moshi wa kuni, utapiamlo na surua humpunguzia mtoto nguvu za kupambana na viini hivyo. Ndiyo maana ukame wa 2020 hadi 2023 uliwaweka watoto wa Garissa, Wajir na Mandera katika hatari kubwa zaidi.

UTAITAMBUAJE?

Si kila kikohozi ni nimonia. Mtoto akikohoa, mtulize, mfunue kifua, kisha uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Asiwe analia wala kunyonya. Mpeleke kituo cha afya akipumua hivi:

- Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi
- Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi
- Mwaka 1 hadi 5: mara 40 au zaidi

Ikiwa kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea asiamke, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Mtu mzima hupata homa, makohozi na maumivu ya kifua yanayochoma. Akipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, au akianza kuchanganyikiwa, naye akimbizwe hospitali. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu.

Daktari atasikiliza mapafu na kupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Picha ya eksirei si lazima kila mara. Misimu ya mvua, damu ipimwe malaria pia. Lakini kupatikana kwa malaria hakumaanishi kwamba mapafu ni salama.

TIBA

Mtoto ambaye hali yake si mbaya sana hupewa amoksilini kwa siku 5, nyumbani. Arudishwe baada ya siku 2 aangaliwe. Usikatize dawa kwa kuwa homa imeshuka. Aliyezidiwa hulazwa, akapewa oksijeni na sindano za penisilini na jentamisini.

Dawa ya kikohozi ya dukani haiui bakteria. Nawaheshimu wazee wetu, lakini kukata kimio au kuchoma kifua kwa moto hakuponyi nimonia. Huongeza kidonda na kupoteza siku ambazo mtoto hana.

KINGA

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, hutolewa bure katika wiki ya 6, 10 na 14. Ya surua hutolewa miezi 9 na 18. Ninyi mnaohama na mifugo, safirini na kadi ya kliniki. Kituo chochote cha serikali kitaendeleza chanjo.

Na wewe uliye mbali, Hulugho au Balambala, kumbuka: safari ni ndefu, basi ianze mapema. Saa ya simu yako inatosha kuhesabu dakika moja.