Kigiriki cha Kale Sasa Kimo Simuni

Maelezo ya kale zaidi yaliyosalia kuhusu pwani yetu ya Afrika Mashariki yaliandikwa kwa Kigiriki. Mwandishi wake hakuacha jina. Alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Misri katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na kitabu chake kidogo, Periplus ya Bahari ya Erythraea, kinawaelekeza mabaharia bandari kwa bandari hadi India, na kwa upande wetu hadi soko la mwisho aliloliita Rhapta. Humo mna mashua za kushonwa. Mna wavuvi wa kisiwa cha Menouthias wanaotega samaki kwa vikapu vya kusuka, kama wavuvi wetu wanavyotega kwa dema. Mna manahodha wa Kiarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji.

Nimefundisha historia sekondari hapa Tanga kwa miaka mingi, na kitabu hicho nimekitaja darasani mara nyingi. Kwa muda mrefu njia pekee ya mwalimu wa shule kukifikia ilikuwa tafsiri ya Kiingereza, tena akibahatika kuipata. Leo mtu mwenye simu ya kawaida na kifurushi cha intaneti anaweza kujifunza Kigiriki cha kale, kile ambacho wasomaji wa Biblia hukiita Kiyunani, bila ada na bila safari. Mimi najifunza hivyo jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Hapa nataka kueleza vifaa vyenyewe, kila kimoja na kazi yake, ili atakayetaka kuanza ajue pa kushika.

Mwanzo ni herufi 24. Zizoee kwa kuziandika kwa mkono, pamoja na alama zinazokaa juu ya irabu. Baada ya hapo nenda kwenye masomo ya Kituo cha Utafiti wa Isimu cha Chuo Kikuu cha Texas, kilichoko Austin, Marekani. Kimeweka mtandaoni, bure kabisa, masomo 10 ya Kigiriki cha kale na mengine 10 ya Kigiriki cha Agano Jipya. Kila somo huanza na kifungu cha mwandishi halisi, kila neno likichambuliwa moja moja, kisha sarufi hufuata. Mwenye kupenda isimu atafurahi zaidi, kwa sababu kituo hicho kina pia masomo ya lugha nyingine za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, ndugu za Kigiriki, yaliyopangwa kwa utaratibu uleule.

Sisi wenye Kiswahili tunaingia katika lugha hii tukiwa na akiba yetu. Kitenzi cha Kigiriki hubeba mtenda na wakati ndani ya neno moja: λύσομεν ni “tutafungua”, na mtenda hahitaji kutajwa tena. Upatanisho nao hautushangazi. Aliyekua akisema “mtoto mzuri” na “kitabu kizuri” anaelewa upesi kwa nini kivumishi cha Kigiriki huifuata nomino yake popote iendapo. Kazi kubwa iko kwenye nomino yenyewe, kwani mwisho wake hubadilika kufuatana na kazi yake katika sentensi: mtenda ana mwisho wake, mtendwa wake, mwenye mali wake. Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kuandika majedwali na kuyarudia mpaka yakae kichwani.

Kuhusu msamiati, Chuo cha Dickinson huko Pennsylvania kimetoa orodha ya maneno kama 500 yanayotumika zaidi. Ukiyajua hayo, umeshika karibu theluthi mbili ya maneno utakayokutana nayo katika andiko la kawaida. Ninayaandika kwenye daftari la mistari, Kigiriki kushoto na Kiswahili kulia, na nashauri kila mwanafunzi afanye hivyo kwa lugha yake, kwa sababu maana hukaa zaidi ukiitafuta mwenyewe.

Ukiwa na msingi huo, mlango mkubwa ni Perseus, maktaba ya Chuo Kikuu cha Tufts. Mradi huu ulianza kubuniwa mwaka 1985 chini ya Profesa Gregory Crane, kabla mtandao tunaoujua haujakuwepo. Unafungua andiko la Homer, la Herodotus au la Plato, unabofya neno, na maktaba inakwambia shina lake, wakati wake, nafsi yake, kisha inakupeleka kwenye kamusi. Kamusi hiyo ni ile ya Liddell na Scott, iliyotoka kwa mara ya kwanza Oxford mwaka 1843, na ambayo toleo lake la tisa lilikamilika mwaka 1940 likiwa na kurasa zaidi ya 2,000. Chuo Kikuu cha Chicago nacho kina Logeion, ambamo unaandika neno moja na kupata kamusi kadhaa kwa pamoja. Kwa sarufi, kitabu cha Herbert Weir Smyth cha mwaka 1920 kimo ndani ya Perseus, vipengele vyake vimepewa namba, na hadi leo walimu hukitegemea.

Hazina kubwa kuliko zote ni Thesaurus Linguae Graecae ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Ilianza mwaka 1972 kwa wazo na mchango wa Marianne McDonald, wakati huo mwanafunzi wa chuo hicho, aliyetaka maandiko yote ya Kigiriki yaingizwe kwenye kompyuta. Leo ina maneno zaidi ya milioni 110. Hazina nzima ni ya kulipia, lakini sehemu yake na kamusi ya Liddell na Scott ni bure.

Vipo pia vifaa vya kuwasaidia wanaochimba zaidi. Tovuti ya Papyri.info imekusanya karatasi za mafunjo za Misri: barua, risiti, mikataba na hati za kodi za watu wa kawaida, wakiwemo walioishi zama za mwandishi wa Periplus. Mradi wa PROIEL wa Chuo Kikuu cha Oslo umechambua sentensi za Agano Jipya la Kigiriki na kuzilinganisha na tafsiri za kale za Kilatini, Kigothi, Kiarmenia na Kislavoni. Na kwa aliye mahali ambapo mtandao unasuasua, programu ya Diogenes hupakuliwa bure kwenye kompyuta, na kamusi yake hufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Faida ya yote haya nimeiona wazi katika sentensi moja ya Periplus. Mwandishi anataja bidhaa zilizotoka pwani yetu: pembe nyingi za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa, na kitu kimoja zaidi kwa uchache. Katika tafsiri ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912 kitu hicho ni mafuta ya mnazi. Katika ile ya Lionel Casson ya mwaka 1989 ni gamba la mnyama wa baharini. Tofauti inatokana na neno moja, ambalo wahariri wa awali walidhani mnakili alilikosea, wakalisahihisha. Nakala kuu ya kitabu hiki imo Heidelberg, Ujerumani. Iliandikwa kwa mkono zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maktaba ya chuo kikuu cha huko imeweka picha zake mtandaoni ili kila mtu azione. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba pwani hii iliuza mafuta ya nazi miaka elfu mbili iliyopita anapaswa kujua kwamba ushahidi wake unasimama juu ya sahihisho la mhariri. Sasa anaweza kujua.

Vifaa hivi havimfanyii mtu kazi ya kuelewa. Perseus ikikutana na umbo lenye maana tatu hukuonyesha zote tatu, na ni wewe utakayechagua. Na maelezo karibu yote yako kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana wetu hujifunza lugha ya kigeni kwa kupitia lugha nyingine ya kigeni. Pengo hilo ni letu kuliziba. Idara za historia na isimu za vyuo vikuu vyetu, pamoja na vyuo vya theolojia ambavyo tayari vinafundisha Kiyunani, zina uwezo wa kutayarisha sarufi fupi na faharasa ya Kigiriki kwa Kiswahili, na kuziweka mtandaoni bure kama wenzao walivyofanya. Zianze na Periplus. Kurasa zinazohusu pwani yetu ni chache mno, na kundi dogo la wanafunzi lenye mwalimu mmoja makini linaweza kuzitafsiri moja kwa moja kutoka Kigiriki.

Nawe msomaji, ukiwa na hamu, usingoje idara yoyote. Anza na herufi leo.