Toronto: Haki ya mfanyakazi kujua sumu anayoishika

Sheria ya jimbo la Ontario, ambalo Toronto ni mji wake mkuu, humpa mfanyakazi haki ya kuelezwa ni sumu gani iliyopo kazini kwake, na haki ya kukataa kazi anayoamini itamdhuru. Wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki huanza maisha yao mjini humo kwa kazi za usafi, ujenzi na viwandani, ambako kemikali hazikosekani.

Haki hizo zilipatikana baada ya wafanyakazi wengi kuugua na kufa bila kuambiwa walichokuwa wakikivuta.

Vumbi la Scarborough

Mwaka 1948 kampuni ya Johns-Manville ilifungua kiwanda huko Scarborough, mashariki mwa Toronto, kutengeneza mabomba ya saruji iliyochanganywa na asbesto.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno, ambazo hazishiki moto. Zikivunjika hupeperuka kama vumbi, na nyingi zikishaingia mapafuni hubaki humo. Mapafu hukakamaa polepole, au saratani huyashika mapafu yenyewe ama utando unaoyazunguka.

Ugonjwa huo unaweza kuchukua miaka 20, 30 au hata 40 kujitokeza. Kijana aliyeajiriwa miaka ya 1950 angeweza kutoka kiwandani akijiona mzima, kisha akaugua anapokaribia kustaafu.

Mwaka 1980 serikali ya Ontario iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza madhara ya asbesto. Ripoti yake ya mwaka 1984 ilikihesabu kiwanda cha Scarborough kuwa miongoni mwa maafa makubwa ya afya kazini duniani.

Haki tatu

Wakati huo sheria ilikuwa imekwishaanza kubadilika. Mwaka 1974 wachimbaji wa madini ya urani huko Elliot Lake, kaskazini mwa Ontario, waligoma kwa kuhofia vumbi la silika, mionzi na saratani ya mapafu. Serikali ilimteua James Ham, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Toronto, kuongoza uchunguzi.

Ripoti ya Ham ya mwaka 1976 ilionyesha kuwa wachimbaji hawakupewa taarifa kuhusu hatari zilizowakabili, wala hawakuwa na sauti katika kuzizuia. Miaka miwili baadaye bunge la jimbo lilipitisha Sheria ya Afya na Usalama Kazini, iliyoanza kutumika Oktoba 1979.

Sheria hiyo imesimama juu ya haki tatu: kujua hatari zilizopo, kushiriki katika kuziondoa, na kukataa kazi ya hatari. Kwa kawaida, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya pamoja ya afya na usalama, ambayo angalau nusu ya wajumbe wake huwakilisha wafanyakazi.

Lebo na alama

Mwaka 1988 Kanada ilianzisha mfumo mmoja wa taifa zima kuhusu kemikali za kazini. Chombo cha kemikali hatari lazima kiwe na lebo, kila kemikali iwe na karatasi ya maelezo ya usalama, na wafanyakazi wafundishwe kuzisoma. Tangu 2015 mfumo huo umelinganishwa na ule wa Umoja wa Mataifa, ambao alama zake, kama vile fuvu la kichwa na mifupa miwili, hueleweka hata kwa asiyejua Kiingereza.

Manufaa yake huonekana hata katika kazi ya kusafisha vyoo. Dawa ya kuondoa madoa, ambayo wengi Afrika Mashariki huiita jiki, ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu. Zote mbili huchoma macho na mapafu, na zinaweza kuua katika chumba kisichopitisha hewa.

Jinsi ya kukataa

Anayekataa kazi hapaswi kuondoka kimya kimya. Humweleza msimamizi wake mara moja, naye msimamizi huchunguza mbele yake na mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Wasipoafikiana, huitwa mkaguzi wa serikali. Mwajiri hawezi kisheria kumfukuza au kumkata mshahara kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, ulinzi huo una mipaka. Mtumishi aliyeajiriwa na mwenye nyumba kufanya kazi katika makazi yake hayumo katika sheria hiyo. Na kwa kibarua anayepangiwa kazi siku kwa siku na wakala wa ajira, kukataa si rahisi hata pale sheria inapomlinda.

Asbesto nayo haijatoweka. Kanada iliipiga marufuku Desemba 2018, lakini bado imo katika kuta, dari na mabomba ya majengo ya zamani. Mwenye jengo anapaswa kuwafahamisha wajenzi mahali ilipo kabla hawajaanza kubomoa.

Funzo la Mombasa

Afrika Mashariki pia inazo sheria za usalama kazini: Tanzania ilipitisha yake mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007. Lakini mwaka huohuo wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa.

Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alimwona mwanawe mchanga akiugua na kukutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Huko Scarborough na Owino Uhuru, walioishika na kuivuta sumu walikuwa wa mwisho kuelezwa madhara yake. Lebo, karatasi ya maelezo na haki ya kukataa vimewekwa ili mfanyakazi aelezwe mapema, kabla ya daktari kumweleza.