Madoa Yasiyouma

MTANGAZAJI: Msikilizaji, ukiona madoa ya zambarau, ya kahawia au meusi mguuni, yasiyowasha wala kuuma, usiyapuuze. Tazama na kaakaa lako kwenye kioo.

MUUGUZI: Huenda ni saratani ya Kaposi. Si uchawi. Huletwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994, ambacho huenea hasa kwa mate. Wengi wanacho bila kuugua. Kinga ya mwili ikishuka, hasa kwa sababu ya VVU, ndipo kinapoamka. Dawa za kufubaza VVU huweza kuyafanya madoa yanywee. Wengine huhitaji pia tiba ya saratani.

MTANGAZAJI: Na aliyekimbia vita akaacha kadi ya kliniki nyumbani?

MUUGUZI: Aende kituo cha afya kilicho karibu, ataje dawa alizokuwa akimeza. Asisubiri kadi.