Ubaki nyumbani au uende Dar? Hatua saba za kaizen zitakusaidia kuamua

Iringa. Umemaliza chuo, umerudi nyumbani na kila ukilala unawaza jambo moja: nibaki, au nipande basi nikatafute maisha Dar es Salaam? Wengi huliamua swali hili kwa hasira, kwa kumfuata rafiki au kwa kuchoka tu kusubiri.

Ipo njia yenye utaratibu zaidi, na imeshatumika hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Inaitwa kaizen, neno la Kijapani lenye maana ya mabadiliko ya kuwa bora zaidi. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuijaribu pamoja na mfumo wa 5S ili kuboresha huduma, na baadaye hospitali nyingine nchini zikafuata.

Hatua zake ni saba: chagua tatizo, angalia hali ilivyo, tafuta chanzo, panga suluhisho, tekeleza, pima matokeo, kisha kilichofaa kifanye kuwa utaratibu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Tosamaganga mwenye stashahada ya uhasibu na akiba ya Sh600,000.

Taja tatizo, siyo suluhisho

"Niende Dar" siyo tatizo, ni suluhisho mojawapo. Tatizo ni kwamba mwaka umepita hana kazi. Hali hiyo aiandike kwa namba: ametuma maombi mangapi, ameitwa kwenye usaili mara ngapi, akiba itamtosha miezi mingapi.

Uliza "kwa nini" mpaka uchoke

Kwa nini hana kazi? Matangazo yanataka uzoefu. Kwa nini hana uzoefu? Tangu amalize chuo hajashika hesabu za mtu yeyote. Kwa nini? Anasubiri kuajiriwa kwanza.

Hapo ndipo penye mzizi. Kukosa uzoefu hakubaki stendi ya Iringa. Atapanda nako basi na kushuka nako Dar.

Vigezo kwanza, majibu baadaye

Sasa aandike njia zote, siyo mbili tu: kwenda Dar, kubaki shambani, au kushinda Iringa mjini akijitolea kuandika hesabu za duka au SACCOS huku akirudi nyumbani jioni.

Kabla ya kutoa alama, apange uzito wa vigezo: uzoefu mara 3, gharama mara 2, familia mara 1. Kisha kila njia aipe alama 1 hadi 5.

• Dar: uzoefu 2, gharama 1, familia 1. Jumla 9.

• Shambani: uzoefu 1, gharama 5, familia 5. Jumla 18.

• Iringa mjini: uzoefu 4, gharama 4, familia 4. Jumla 24.

Alama hizi ni zake. Wewe mwenye dada Dar anayekupa chumba bure unaweza kupata jibu tofauti kabisa.

Moyo ukikataa, usiupuuze

Jibu limetoka, lakini bado anatamani kuondoka. Basi kuna kigezo hakukiandika. Pengine ni ile aibu ya kila Jumapili akitoka kanisani, watu wakimuuliza, "Bado hujapata tu?"

Hiyo nayo ni sababu halali. Aiandike, aipe uzito wake, apige hesabu upya. Ikibaki kichwani bila kuandikwa, itaamua kila kitu kimyakimya.

Weka tarehe ya kupima

Hapa ndipo wengi huteleza. Akichagua Iringa mjini, aandike: "Baada ya miezi mitatu niwe nimefunga hesabu za mwezi mara tatu na nina mtu wa kunidhamini kwenye maombi." Ikifika siku hiyo bila matokeo, anarudi kwenye karatasi na kutafuta chanzo upya. Yakipatikana, aendelee nayo hivyo hivyo.

Na kama hatimaye atapanda basi kwenda Dar, angalau atakuwa anajua anakwenda kutafuta nini.