Usinunue Rangi, Nunua Namba: Somo la Mbolea ya Polepole kwa Nyasi za Nyumbani

Leo sisemi habari za unga wala vocha. Nataka tuongee mbolea ya nyasi, na naongea kama mtu ambaye imeshamtia hasara.

Huku Mafia siku hizi watu wanajenga vizuri. Mtu akimaliza nyumba anapanda ukoka mbele ya baraza, na wenye nyumba za wageni ndo kabisa, nyasi ni sehemu ya biashara yao. Ukija dukani kwangu Kiegeani karibu na masika, swali ni hilohilo: "Una mbolea ya kurudisha majani?"

Basi msimu mmoja nikasema hapa kuna hela. Nikaenda Dar, muuzaji mmoja wa jumla akanionyesha vipakiti vya kilo moja moja, punje za kijani na njano, zinapendeza kweli. Akaniambia, "Hii ya polepole, mteja anaweka mara moja, miezi mitatu hagusi." Kwenye kipakiti hakuna namba, hakuna jina la kiwanda, kuna picha ya nyasi tu. Mimi nikaona picha, nikaona rangi, nikalipa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa jirani. Nikamwambia vilevile nilivyoambiwa: weka dozi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Haikufika wiki akarudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia taratibu, halafu akasema, "Mwanangu, njoo uone ulichoniuzia." Nilikwenda. Ukoka umekauka kwa mistari, kila mkono wake ulipopita, kama mtu kamwaga maji ya moto.

Nikamrudishia hela yake, na nikalipa kijana wa kupanda upya. Faida ya msimu mzima ikaishia pale. Kisiwa chetu kidogo, mzee mmoja akisema dukani kwa fulani usinunue, imeisha hiyo.

Jioni ile nikachukua punje kijiko kimoja nikatia kwenye glasi ya maji. Dakika kama kumi hivi zimeyeyuka zote, maji yana rangi, na glasi imekuwa ya baridi mkononi. Ile ilikuwa mbolea ya kawaida inayoyeyuka haraka, urea au ndugu yake, imepakwa rangi.

Sasa twende kwenye somo, ili wewe usilipe ada niliyolipa mimi.

1. ELEWA UNACHOUZA

Nyasi inataka naitrojeni kuliko kitu kingine. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na yote inaamka ndani ya siku chache. Kwenye mchanga wetu wa pwani, mvua kubwa ikipiga, sehemu kubwa inazama chini kabla mizizi haijaila.

Mbolea ya polepole inatoa chakula kidogokidogo. Ziko za aina tatu utakazokutana nazo:

- Iliyovikwa ganda la salfa au la plastiki nyembamba. Ile ya salfa ilitengenezwa Marekani miaka ya 1960. Maji yanapenya ganda taratibu, chakula kinatoka taratibu.
- Naitrojeni iliyofungwa kikemia, ambayo inavunjika pole pole ardhini.
- Ya asili: samadi iliyooza, mboji, mashudu. Hizi zinasubiri vijidudu vya udongo vizivunje.

Usichanganye na fosfeti ya Minjingu inayotoka Manyara. Hiyo nayo inaachia taratibu, lakini inachoachia ni fosforasi. Mteja anayelalamika nyasi zimekuwa za njano, mara nyingi anadai naitrojeni.

2. SOMA NAMBA ZA MFUKO

Mfuko wa kweli una namba tatu, mfano 20-5-10. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Kwa nyasi zilizokwisha shika, namba ya kwanza iwe kubwa kuliko wenzake.

Usiishie hapo. Chini ya namba hizo tafuta maandishi ya Kiingereza "slow release nitrogen", "controlled release" au "coated", na mbele yake pawe na asilimia. Hapa ndo wengi tunapigwa. Mfuko unaandika kwa herufi kubwa kwamba ni wa polepole, ukisoma ndani unakuta kwenye naitrojeni 20, ni 5 tu ndo ya polepole. Yaani robo. Zile 15 zinaamka mara moja. Mimi nachukua wenye angalau nusu.

Muda nao usome kwa akili. Mbolea za ganda la plastiki, miezi inayoandikwa hupimwa kwenye joto la nyuzi 21 au 25. Pwani yetu joto ni zaidi, na joto linaharakisha. Mfuko ukisema miezi mitatu, usimwahidi mteja miezi mitatu kamili.

Kama hakuna namba, jina la mtengenezaji wala uzito, rudisha. Hata wakikupa kwa nusu bei.

3. PIMA KWENYE GLASI

Omba punje chache kabla ya kulipa. Tia kwenye maji, subiri nusu saa. Zikiyeyuka zote, hakuna ganda hapo. Lakini zikibaki nzima, usishangilie bado, maana ziko mbolea za kawaida zenye punje ngumu zinazochelewa kuyeyuka. Jaribio la glasi linamkamata mwongo wa wazi. Kinachothibitisha ni maandishi ya mfuko.

4. PIGA HESABU YA NAITROJENI, USIANGALIE BEI YA MFUKO

Hili ni la kibiashara, shika kalamu. Tuseme una mifuko miwili ya kilo 10:

- Mfuko A: sh. 30,000, naitrojeni asilimia 10. Ndani kuna kilo 1 ya naitrojeni. Kilo moja = sh. 30,000.
- Mfuko B: sh. 45,000, naitrojeni asilimia 20. Ndani kuna kilo 2. Kilo moja = sh. 22,500.

Umeona? Mfuko wa "bei ghali" ndo rahisi. Mweleze mteja hivyohivyo mezani, mwandikie kwenye karatasi. Mteja anayeelewa hesabu habishani na bei.

Halafu uliza swali la pili: katika hizo kilo za naitrojeni, za polepole ni ngapi?

5. MPE MTEJA KIPIMO, SI MFUKO TU

Kiwango cha kawaida ni kama nusu kilo ya naitrojeni kwa mita za mraba 100, yaani eneo la mita 10 kwa 10. Kwa mbolea ya polepole yenye asilimia 20, ni kilo 2 na nusu. Kama mfuko una maelekezo yake, fuata ya mfuko.

Sasa angalia kilichomuua yule mzee, yaani nyasi zake. Ukichukua hizo kilo 2 na nusu zikawa ni urea, naitrojeni inakuwa kilo 1.15, zaidi ya mara mbili, na yote inaamka kwa pamoja. Ndo maana mbolea feki ya polepole ni hatari kuliko urea ya wazi. Ya wazi mtu anaiogopa, anaweka kidogo. Hii feki anaiamini, anamwaga dozi ya miezi.

Mwambie mteja: pima eneo kwa hatua, gawanya mbolea mafungu mawili, fungu la kwanza rusha ukielekea upande mmoja, la pili ukikata njia ya kwanza. Majani yawe makavu, ukimaliza mwagilia. Usirushe mvua kubwa ikiwa mlangoni.

6. KAMA MFUKO WA POLEPOLE HAUPATIKANI

Boti ya Nyamisati haileti kila kitu, tunajua. Usimuuzie mteja uongo. Muuzie samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ikachekechwa, itandazwe nyembamba. Mbichi hapana, inaleta mbegu za magugu, na ya kuku mbichi inaunguza.

Au muuzie urea kwa utaratibu wa kidogokidogo: robo kilo kwa mita za mraba 100, mara moja kwa mwezi kipindi nyasi zinakua, na maji papo hapo. Ni kazi zaidi kwake, lakini nyasi hazitaungua.

7. GHALA NA LESENI

Hewa ya chumvi na unyevu ni adui. Weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na unga na sukari. Punje za ganda usizikanyage wala kuzirundikia mizigo mizito. Ganda likipasuka, polepole imeisha.

Halafu leseni. Mbolea inasimamiwa na TFRA chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na muuzaji anatakiwa awe na leseni. Mimi wakati ule sikuwa nayo, niliona ni sawa na kuuza sabuni. Nilikosea. Ningekwenda kwanza kuulizia leseni, wangeniambia vipakiti visivyo na jina ni vya kukimbia. Kwa hiyo kabla hujaagiza hata mfuko mmoja, pita kwa ofisa kilimo wa wilaya akuelekeze.

8. KUNA NA BAHARI

Mbolea iliyozidi haipotei. Kwenye mchanga inakwenda visimani, na inakwenda baharini kulisha mwani unaofunika matumbawe. Bahari yetu ni hifadhi tangu mwaka 1995, na samaki na wageni wanaotuingizia hela dukani wanaitegemea. Ukimuuzia mtu kipimo sahihi, unalinda na mauzo yako ya kesho.

Nimalizie na yule mzee. Alikaa muda mrefu bila kuja. Masika yaliyofuata akaja, akachukua mfuko, akauvalia miwani, akasoma namba moja moja. Akaniuliza, "Ya polepole ni ngapi hapa?" Nikamwonyesha. Akalipa, akaondoka.

Siku hizi wateja anaoniletea yeye ni wengi kuliko wanaoletwa na bango langu. Na wote wakifika wanauliza swali lile lile. Hakikisha na wewe una jibu kabla hawajakuuliza.

Mtumie mwenzako mwenye duka la pembejeo asome. Kazi njema.