Maana na matumizi ya neno ‘dai’ katika habari

NENO ‘dai’ halikosi katika magazeti na taarifa za habari. Tumelizoea mno hivi kwamba tunalipita kana kwamba lina maana moja. La hasha! Lina maana tatu kuu, na zinapochanganywa, kuna mtu anayeumia.

Maana ya kwanza ni kutaka haki yako: ‘Wauguzi wanadai nyongeza ya mishahara.’ Ya pili inahusu deni: ‘Mkulima anakidai kiwanda Sh20,000,’ yaani kiwanda hakijamlipa. Ya tatu ni kusema jambo ambalo halijathibitishwa: ‘Mwenye duka alidai kuwa aliibiwa.’

Sasa hebu tazama kichwa hiki cha habari: ‘Walimu wadai kulipwa mishahara.’ Je, wanataka walipwe au wanasema wameshalipwa? Sarufi inaruhusu yote mawili. Mhariri angeandika ‘Walimu wataka walipwe’ au ‘Walimu wasema wamelipwa’, utata ungeisha.

Kauli ya kutendwa inahitaji uangalifu zaidi. ‘Diwani adaiwa mamilioni’ ina maana kwamba ana deni. ‘Diwani adaiwa kuiba mamilioni’ ni tuhuma ya uhalifu. Isitoshe, nani anayedai? Ni polisi, jirani au mpinzani wake wa kisiasa? ‘Adaiwa’ humficha msemaji, na msomaji hawezi kuupima uzito wa maneno bila kumjua aliyeyatamka.

Wapo waandishi wanaoamini kwamba wakishatia ‘anadaiwa’, basi wamejikinga. Neno hilo pekee si ngao. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Ni heri kuandika: ‘Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, diwani huyo aliiba...’ Hapo chanzo kinajulikana.

Kuna matumizi mengine ambayo hayatambuliki upesi. Chukua mfano huu: ‘Polisi walieleza kwamba kijana huyo alikuwa na silaha. Mamake alidai kwamba alikuwa ametumwa dukani.’ Kauli zote mbili hazijathibitishwa. Mbona basi polisi ‘waeleze’ naye mama ‘adai’? Anayeeleza huonekana kuwa anaujua ukweli. Anayedai hutiliwa shaka. Msomaji amekwisha kuelekezwa amwamini nani hata kabla ya ushahidi kutolewa. Mama huyo amempoteza mwana, sasa anapokonywa na uaminifu wake!

Dawa yake si ngumu. Pale ambapo hakuna aliyethibitisha, wote wawili ‘walisema’. ‘Sema’ ni kitenzi cha kawaida kabisa, lakini hakimhukumu mtu. ‘Dai’ tulitumie penye deni au haki inayotafutwa. Penye tuhuma, tumtaje anayedai.